Mama Amekuwa Mwanamume

Stockholm, Jumanne, Novemba 1974

Itangazwe rasmi: leo mama yangu mzazi amekuwa mwanamume.

Ni haya mazoezi ya mtihani wa Kiingereza, ambao nisipofaulu chuo hakinichukui. Mwalimu alitaka kila mtu aeleze habari za mama yake. Mimi na mdomo wangu: "He cooks very well." Kiswahili chetu hakina mambo ya he na she.

Njoroge, Mkenya wetu wa darasani, akanidakia kwa Kiingereza: "Mzee Salehe, na ndevu ananyoa?" Darasa likacheka, nami nikacheka.

Mwalimu akaisahihisha he ikawa she, akasema sasa sentensi imekaa sawa.

Haikukaa sawa. Mama tulimzika mwezi uliopita. Walimzika, mimi nilibaki huku na mtihani wangu. Ilibidi niseme alikuwa akipika, mdomo ukakataa.