Mtungi wa Siku ya Tetemeko

Newala, Jumamosi 12 Novemba 1994

Leo sifichi kitu, hata yanayonitia aibu.

Mwalimu anataka insha juu ya tetemeko la zamani lililotikisa milima ya Masasi na kuporomosha mawe. Itakayoshinda itasomwa Mtwara, nami sijawahi kuona bahari. Ila tuandike yale tu wanayokubaliana mashahidi wawili. Waliobaki ni Bibi, na Babu Saidi wa Masasi, ambaye ni Mmakua, mtani wetu! Asubuhi nilishuka kumwuliza.

"Shikamoo, Babu. Tetemeko lilianzaje?"

"Marahaba, mke wangu. Bibi yako alianguka na mtungi wa maji, ukapasuka, ndipo nchi ikatikisika."

Niliporudi, Bibi alikuja juu. "Mmakua mwongo! Yeye ndiye aliyeuangukia mtungi wangu ukapasuka. Tena alilia!"

Kwa hiyo insha yangu ina sentensi moja: Mtungi ulipasuka. Naiogopa Jumatatu, siku ya kuikabidhi.

Kesho dereva wa mnunuzi binafsi wa korosho anakwenda Masasi na kurudi jioni. Nitampa barua, Babu anijibu kwa gari hilohilo: tukiweka utani kando, mawe ya mlimani yaliporomoka yenyewe, au nayo yalisukumwa na Bibi?