Bidoni ya Hadja

Jumanne, 1 Septemba 1998

Mama mkwe anaumwa tumbo tena! Mara ya tatu, na mimi nimeolewa hapa huu ni mwezi wa tano tu. Wifi yangu Sikuzani kafika kutoka Cibitoke, hata hajakaa vizuri, akaanza kumnong'oneza kaka yake: tangu huyu aanze kupika, mama hana afya. "Huyu" ni mimi. Halafu likatoka lile neno. Sumu. Nilikuwa nyuma ya pazia na sinia mkononi. Kaka huyo ni Thabit, mume wangu. Anajua bei ya kila kitambaa dukani mwake ila kumwambia dada yake "apana" hajui.

Alhamisi, 3 Septemba

Imeamuliwa. Kila nikipeleka chakula, nionje kwanza mbele ya Hadja, ionekane sikutia kitu. (Hadja ndiye mama mkwe. Alikwenda Maka mwaka 92, kabla ya vita.) Haya. Nikaonja wali, nikaonja mchuzi wa visamaki vya ndagala, nikaonja hata chumvi kavu kwa hasira! Hadja akatazama pembeni. Nadhani aliona haya kidogo. Sikulia mpaka nilipofika jikoni.

Sikuzani kasema ikitokea mara ya nne, nirudishwe kwetu Rumonge. Kwa njia gani? Magari yanaviziwa na waasi kila wiki! Na nikifika salama, nimwambie nini mama yangu — kwamba nimefukuzwa kwa uchawi?

Jumamosi, 5 Septemba

Jana milio ya risasi upande wa Gasenyi, leo mabomba ya maji makavu. Nimechemsha maji ya akiba kama kawaida. Sote tunayanywa, sote wazima, ila Hadja. Sufuria moja, mwiko mmoja, sinia moja. Nimewaza mpaka kichwa kinagonga.

Nimemtumia salamu Dative. Tulisoma pamoja, sasa anapima choo na damu laboratware. Anakaa Gihosha na barabara ya huko imefungwa. Labda Jumatatu, inshallah.

Jumatatu, 7 Septemba

Alhamdulillahi! Alhamdulillahi! Si mimi!

Dative kaja saa nne. Hakuuliza habari ya mapishi yangu hata kidogo. Kauliza, "Ni nini Hadja anakulaka yeye peke yake?" Nikasema hakuna. Halafu nikakumbuka. Zamzam, maji yake ya baraka ya Maka!

Kila alfajiri akimaliza kusali anakunywa kikombe kimoja. Bidoni yake, dumu la lita kumi, ile ile aliyotoka nayo Maka, iko chini ya kitanda imefungwa kitambaa cha kijani. Miaka sita na haiishi, kwa sababu ikipungua anaongeza maji ya kwetu — Zamzam kidogo inabariki mengi, ndivyo asemavyo. Haijasuguliwa ndani hata siku moja. Nani aoshe baraka? Hata mimi nisingethubutu. Na tumbo likimsokota, anakunywa vikombe viwili, dawa!

Dative akaomba kwa adabu atie kidole mdomoni mwa bidoni. Hadja akasema kidole atatia mwenyewe. Akatia, akapapasa ukuta wa ndani, akakitoa. Utelezi kama wa bamia.

"Zamzam haina kosa, Hadja," Dative akasema. "Siku moja mulitia maji ya bomba haijachemshwa, mikrobi ikaingia. Inashika ku plastike, inatoa kole yake yenyewe, inajifunika mule. Moja ikishika, zingine zinakuya juu yake. Unatia maji mupya, zinabakia. Ata dawa ya javeli inauwa za juu tu. Lazima kusugua."

Kumbe! Vidudu visivyoonekana vina gundi yao, vimejibandika humo siku zote hizi, na mimi ndiye naonjeshwa chumvi. Hadja akakifuta kidole chake kwa ncha ya kitambaa cha kijani. Nikatoka uani, nikakaa juu ya ndoo nikacheka peke yangu.

Jumanne, 8 Septemba

Alfajiri Hadja hakunywa, lakini bidoni bado iko chini ya kitanda. Thabit kasema tununue nyingine. Mama yake akamjibu: hii ilitoka Maka, ile ya soko imetoka wapi? Kisha, polepole, "Na hii vita, mi nitarudia Maka wapi tena?"

Furaha yangu ikaingia haya. Mimi nilikuwa nahesabu ushindi, yeye anahesabu safari yake.

Jumatano, 9 Septemba

Hadja kaniita: "Houda, leta kokoto."

Tumeifanya wawili. Maji yote tukayachemsha, hatukumwaga hata tone. Ndani tukatia kokoto na mchanga, tukatikisa, mimi upande huu, yeye ule, mpaka mikono ikafa ganzi. Vikatoka vipande vya ngozi kama utando wa maziwa. Astaghfirullah! Maji ya kusuuzia tukayamwaga kwenye shina la mndimu, pasipokanyagwa na mtu. Javeli baadaye. Hadja akatia kidole tena: plastiki inalia kwii! Akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka.

Ijumaa, 11 Septemba

Tumbo limetulia, leo siku ya nne. Sikuzani kaja kula baada ya sala. Sinia likawekwa, akanikodolea macho: onja. Na mkono wangu, mjinga, ukaenda wenyewe kwenye kijiko.

Hadja akaushika. Akamimina Zamzam kikombeni, akanywa funda moja yeye kwanza, sote tunaona, akanipa.

"Kunywa, mwanangu. Nimeonja."

Nimekunywa huku machozi yananitoka, nikakimbilia chumbani eti natafuta kitambaa. Ndimo ninamoandika. Huko barazani kijiko hakilii. Thabit anakohoa kikohozi cha uongo. Sasa mtu amesimama nyuma ya pazia langu, naona miguu yake. Ni Sikuzani. Haingii. Anasema kwa sauti ndogo, "Wifi…"

Sijamwitikia bado.