Cheti Alichookoa Mama

Lodwar, Jumanne. Joto, na upepo wa vumbi tangu asubuhi.

Shajara, nisamehe. Sijakuandikia tangu mafuriko, na si muda niliokosa. Kuna jambo niliogopa kuliona limeandikwa.

Cheti changu cha kidato cha nne hakipo.

Laga, ule mto wa msimu, ilipofurika kule Kakuma, maji yaliingia kwa Mama. Wenzake walikuwa wameshakimbilia juu, yeye akarudi, maji kiunoni, akafungua sanduku la bati. Akatoka na karatasi moja ndani ya nailoni, ameiinua juu ya kichwa.

"Shule yako hii," akaniambia nilipofika. "Hata sufuria nimeacha."

Nikaifungua. Ilikuwa karatasi niliyopewa kwenye semina ya kunawa mikono, semina ya siku mbili. Ina ukingo wa dhahabu na muhuri mwekundu. Mama hajui kusoma. Alichagua iliyo nzuri; cheti chenyewe kikaenda na maji.

Nikasema, "Ejok, Mama." Vizuri, Mama.

Tangu hapo anawasimulia majirani jinsi alivyookoa cheti changu, nami sijamwambia ukweli.

Sasa nimeitwa kwa usaili wa kufundisha chekechea hapa Lodwar, Jumatatu. Wamesema barua ya shule itatosha kwa sasa. Leo nikampigia naibu wa mwalimu mkuu wa shule yangu kule Kakuma, mwanangu Nakiru akilia mgongoni.

"Mama Nakiru, cheti kilichukuliwa. Lakini hapa kwa kitabu kuna kidole gumba, si sahihi yako."

Nikakumbuka. Nilikuwa nimejifungua juzi yake. Mama ndiye aliyeenda kunichukulia, nikamweleza mwalimu.

"Basi aliyekichukua ndiye aape kwamba kimepotea. Bila hiyo siandiki."

"Lakini mwalimu, yeye anajua kiko."

"Kiko wapi?"

Nikakata simu.

Nimewaza nimwambie tu Mama aweke kidole kwenye kiapo, bila maelezo. Angeweka. Kwa ajili yangu hajawahi kuuliza karatasi inasema nini.

Hapo ndipo nimeona aibu. Simwapishi mama yangu jambo asilolijua.

Kesho napanda gari la Kakuma nimweleze uso kwa uso. Alhamisi lazima nirudi kazini, nifulie watu. Hati ya polisi ya kupotelewa ninayo, picha ninazo. Vitu nitakavyosubiri vitumwe na gari ni hivi: kiapo chenye kidole cha Mama, na barua ya shule yenye muhuri na nambari yangu ya mtihani.

Na ile karatasi ya kunawa mikono. Akikasirika, asiichome. Aniwekee kwa nailoni ileile, anitumie.