Wembe wa Mamere

Uvira, tarehe 9 ya mwezi wa tano, 1956

Baba yangu mpendwa,

Nimeapa kukueleza yote, hata yatakayokuchoma, kwa sababu mimi yananichoma siku ya nne sasa, na wewe uko Albertville unapakua mizigo, huna habari.

Unakikumbuka kile kitabu cha uzazi? Shule yetu haikuwa nacho. Mamere, sista mkuu wetu, alijaza kikaratasi cha kuomba, akatia sahihi, na maktaba ya Usumbura ikatuazima kwa mwezi mmoja. Kamyo, lori la maktaba, ilikileta ndani ya sanduku. Siku nilipokifikisha nyumbani ulinawa mikono hadi viwiko kabla ya kukigusa. Ukasema, "Soma polepole, mama, miye nasikia." Nikasoma Kifaransa na kukugeuzia kwa Kiswahili, huku Mama akikunja nguo za mtoto. Alikwisha kuzika watatu.

Asubuhi Yosefu alipozaliwa kimya, ni wewe uliyenipigia kelele mlangoni, "Kitabu kinasema nini? Sema mbio!" Nikasema wamsafishe kinywa, wamsugue mgongo kwa nguo kavu. Shangazi akasugua. Mtoto akalia. Wewe ukalia kumshinda.

Siku ya kurudisha, Mamere alikifungua mbele ya darasa. Kwenye ukurasa mweupe wa mwanzo kulikuwa na wino, akasoma kwa sauti: "Agata, Petero, Rosa, hawa wamelala. Yosefu, huyu anapumua."

"Weye Veronika, nani aliandika humu?"

Niliujua mwandiko kabla sijamaliza mstari. Nikajibu, "Sijui, Mamere." Nilisema uongo kwa ajili yako, mimi niliyefundishwa na wewe mwenyewe kutosema uongo. Bernadeta akapaza sauti nyuma yangu: "Mumupe kalamu, aandike na kuku zao!" Darasa zima likacheka. Walicheka majina ya ndugu zangu, Baba.

Najua kwa nini uliandika. Kitabu cha sala cha Bibi, chenye majina ya ubatizo wetu wote, kiliungua pamoja na nyumba ya Katogota, na tangu hapo ulikosa pa kuwaweka. Lakini nilikuambia mara mbili kwamba kile si chetu, ni cha kuazima. Ukajibu, "Kimeokoa mutoto wangu, sasa iko ndugu." Nikadhani unatania! Kumbe uliandika, ukangoja wino ukauke, ukashuka Kalundu, ukapanda meli. Hata kuniaga uliniaga vizuri, ukanishika kichwa, na hukusema neno. Ungesema, ningemwendea Mamere mwenyewe kabla hajakifungua.

Sasa sikia. Ombi langu la kitabu cha pili, kile cha kujitayarishia mtihani wa shule ya wasaidizi wa wakunga, liko mezani kwa Mamere. Halitakwenda. Amesema Usumbura hawatatuazima tena, si mimi tu, shule nzima, mpaka shauri hili liishe. Amenipa njia mbili: aliyeandika aeleze kwa barua yenye sahihi yake, naye ataiweka ndani ya kitabu na kuwaomba radhi, au nikwangue ukurasa mpaka uwe mweupe. Wembe amenipa, pamoja na kitabu. Uko hapa kando ya wino.

Jana niliuweka juu ya ukurasa ule. Mama alikuwa ananyonyesha, akaniuliza, "Unakata nini?" Nikasema, "Hakuna, Mama." Uongo wa pili.

Nimekukasirikia, Baba, na bado kila meli inapoita bandarini ninasimama. Yosefu ameanza kucheka usingizini. Anacheka kama wewe, kwa mabega.

Meli inayoleta barua hii inarudi huku kabla kamyo haijaondoka na kitabu. Andika kwa Mamere, mistari miwili inatosha, kwa mwandiko uleule. Na kama unaona haya kuandika, basi nijibu mimi, kwa meli hiyohiyo: nianze kukwangua jina la nani?

Binti yako mkubwa,
Veronika