Ujumbe wa Ejo

Kasulu, Ijumaa

Mpendwa Dada Generosa,

Kabla hata sijakusalimia, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu: nimemwacha Mwalimu Rashid abebe kosa langu.

Sasa nikusalimie. Hamjambo huko Busunzu, wewe na shemeji? Mtoto ameacha kukohoa? Sisi tu wazima, maharage tumeshaanika, na mama anakusalimu sana. Nakuandikia kwa sababu ukiongea kwa simu yake nyumba nzima inasikia.

Unajua tangu nimalize kidato cha nne naenda kwenye kile kituo cha kompyuta. Mwalimu Rashid ni mtu wa Tanga, na Kiha chake kinaishia kwenye salamu ya "mwakeye". Anatufundisha kupeleka kazi winguni, yaani kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali, bila kuwa na seva yetu. Kazi yenyewe, yaani programu tunayoiandika, husinzia tu. Ikiitwa inaamka, ikimaliza inasinzia tena. Nilimuuliza inasinzia wapi. Akacheka, akasema, "Binti, hata mimi sijawahi kufika."

Kinachoipeleka ni plagini, kiprogramu kidogo kinachochomekwa kwenye programu kubwa. Mwezi huu limetoka toleo jipya, nami nimesoma maelezo yake mara tatu. Zamani ukipeleka kazi yenye kasoro, ulihangaika siku nzima kuijenga upya. Sasa amri moja inairudisha ilivyokuwa. Tena unaweza kuwapa mabadiliko watu wachache kwanza, uone, ndipo uwape wote. Na kila lugha imepewa faili lake la maneno. Hilo la mwisho ndilo lililoniponza.

Sisi huwatumia wakulima wa Nyakitonto ujumbe wa simu. Wiki iliyopita Mwalimu aliniomba niandike kwa Kiha habari ya kugawa miche ya kahawa. Nilifurahi mno, dada. Lakini ujumbe ulizidi herufi zinazoruhusiwa, nikapunguza, nikabakiza miche, shuleni, ejo. Unaijua ejo yetu: ni jana, ni kesho, na kitenzi ndicho kinachoamua. Mimi nilikata kitenzi.

Watu wakasoma kwamba miche iligawiwa jana. Kati ya arobaini na watatu walikuja sita. Gari likaondoka na miche iliyobaki, likaipeleka kata nyingine.

Kesho yake Mzee Tharsisi, mkulima wa huko, alikuja kituoni na kofia mkononi. Alisema kwa Kiha kwamba hata msiba huwa tunaambiwa kabla ya kuzika, iweje miche tutangaziwe ikiwa imekwisha. Mwalimu akaniuliza mzee anasemaje. Dada, hapa ndipo ninapoona aibu. Nilisema, "Anasema ujumbe ulichelewa."

Tangu hapo Mwalimu anaisaka kasoro kwenye plagini. Kumbukumbu zote zinaonyesha ujumbe ulifika kwa wakati, naye haamini macho yake. Ameandika barua ya kuomba radhi kwamba alikimbilia toleo jipya kabla ya kulijua vizuri. Jumatatu kata inakaa kuamua kama kazi hii iendelee au ifutwe, na yeye ndiye atakayesimama kujibu.

Jana nilirudisha kitenzi, nikajaribu ule utaratibu wa watu wachache. Nilichagua namba moja tu, ya mama. Alisoma ujumbe akipeta mchele, akaniuliza kesho kuna nini shuleni. Nilitoka nje nisionekane uso.

Kwa hiyo plagini haina kosa, wala Mwalimu hana. Nitamwambia Jumatatu asubuhi, kabla hajaingia kikaoni. Nimeandika maneno yenyewe kwenye karatasi, maana unanijua, sauti yangu hukauka. Kama ikikauka, nitampa karatasi asome mwenyewe, na humo nimeandika pia alichosema Mzee Tharsisi, neno kwa neno.

Barua hii anakuletea Apoline anayekuja huko kesho. Mbusu mtoto, na shemeji umpe salamu zangu zote. Ila hii karatasi asiione, wala mama asijue. Mpaka Mwalimu asikie kutoka kwangu, tafadhali, ibaki kwako peke yako.

Mdogo wako akupendaye,
Maximilla