Mlimau Uliovishwa Sweta

Mama mpendwa,

Huku Nchelenge jua ni kali, samaki wamenona, na nyumbani kwa mdogo wako Feza nimekutia aibu. Jumapili, tukikaanga samaki ufukweni mwa Ziwa Mweru, niliwasimulia akina mama wa kwaya yake kwamba kila mwezi wa sita, baridi ya Kolwezi ikianza, wewe unauvisha mlimau wako koti la Baba. Walicheka mpaka samaki wakaungua.

"Muti unavaa koti, na baba anavaa nini?"

"Anatetemeka," nikajibu.

Lakini nilipoomba mche wa mlimau nikuletee, kicheko kilikatika. "Mutoto wetu hajui baridi. Hatuwezi kumutoa uchi!"

Leo wamemleta mche huyo wakiimba, kama wanavyosindikiza bibi harusi. Kiongozi wa kwaya amembeba mgongoni kwa kitenge, naye mche amevaa sweta waliyomfumia wenyewe. Wewe ndiye mama mkwe, na wanakuagiza umpande kando ya ukuta wa jiko, penye joto.

Nikauliza kama kuna sweta ya Baba pia. Wakasema yeye ameshazoea.

Mkumbatie Baba sana kwa niaba yangu, Mama, angalau apate joto.

Mwanao,
Ilunga