Kwato za Tausi Ndani ya Eda Yangu

Baba Mwanaidi wangu,

Nimetoka eda juzi, na habari ya kwanza ninayotaka uipate huko uliko ni kwamba punda wako Tausi hajauzwa.

Unakumbuka Tausi alivyokuwa akikusumbua mguu wa nyuma? Fundi wa kwato alipita hapa kijijini Bungu mara mbili tu kwa mwaka, na katikati hapo kazi ilikuwa yetu. Mimi nimeushika mguu, wewe unachokonoa tope kwa bisibisi butu, kisha unapiga tupa polepole. Nilipokuomba nijaribu ulicheka. "Wewe shika mguu tu, mke wangu. Hii tupa, si upawa." Niliushika mguu, lakini sikufumba macho.

Ulipofariki, mdogo wako Shabani alimchukua Tausi akamweka kwake. Masika yakaja, tope la bondeni likamkalia, kwato zikarefuka hadi zikapinda. Mwezi wa tatu wa eda Shabani akaja kuniita, amesimama nje ya ua. "Shemeji, punda anachechemea, na aliyemuweza keshakufa. Nimepata mnunuzi, Ijumaa anakuja."

Ijumaa! Kana kwamba na mimi nilizikwa! Nilimjibu kutoka nyuma ya makuti: "Eda imenikataza kutoka, Shabani. Kufanya kazi haijanikataza. Mwingize huyo punda uani."

Mwanaidi akashika mguu, mimi nikaishusha tupa yako darini. Nilikumbuka siku ile ulipomtoa damu kwa haraka zako, ukaapa hutauvuka tena ule mstari mweupe chini ya ukwato. Mimi sikuuvuka. Nilipunguza kidogo, nikamwacha apumzike, wiki mbili baadaye nikapunguza tena. Ijumaa ile mnunuzi alipofika, binti yako alimpa maji ya kunywa na salamu zangu: hapa hakuna punda wa kuuzwa.

Nakulilia, mume wangu, usidhani silii. Ila nina hasira nawe pia. Miaka yote ile mikono hii iliweza, na wewe hukutaka kujua.

Jana nimempakia Tausi mihogo, nikapita naye mbele ya nyumba ya Shabani, taratibu, makusudi. Hakuchechemea hata hatua moja. Shabani akatoka, akanisalimia kwa sauti ndogo, kisha akauliza kama naweza kumtazamia kwato za punda wake pia.

Nimemwambia amlete kesho. Mguu atashika yeye.

Pumzika, Baba Mwanaidi. Tupa siirudishi darini.

Mkeo,
Mama Mwanaidi